Magogwe ya Meku

Jumamosi iliyopita mwanamke mmoja muuza matunda alipita mlangoni kwangu hapa Soweto, mjini Moshi, beseni kichwani. Alikuwa na maparachichi na magogwe, zile nyanya za mti. Nilinunua magogwe kwa sababu sikuwa nimeyaonja tangu utotoni na nilijidai nimekwisha kusahau. Nilipokata la kwanza harufu ilinifikia kabla sijaweka kisu chini, ule uchachu unaokaribiana na wa nyanya, na uchungu kidogo wa ganda. Mama alikuwa sebuleni na mjukuu wake. Amekuja kukaa nami tangu tulipomzika Bibi. Hakuuliza nakata nini. Aliinuka, akafungua mlango wa nyuma, akaenda kukaa uani mpaka nilipomaliza kula na kuosha sahani.

Wenzangu mliokulia kule mlimani mtaukumbuka mgogwe. Kila nyumba ilikuwa nao mmoja nyuma ya jiko, na hakuna aliyejua nani aliupanda. Tulikula magogwe tukitembea, tukafyonza, tukatupa ganda, na maji yake yakiingia kwenye shati la shule hakuna sabuni iliyoyatoa. Hatukuyahesabu kuwa chakula. Chakula kilikuwa ndizi, nyama, maharage na maziwa. Majani na matunda ya kuokota vilikuwa vya watoto na vya watu wasio na mbuzi.

Kwetu ni Kirua Vunjo, katika kihamba cha babu, shamba la ukoo, migomba juu na kahawa chini yake, na mfongo, yaani mfereji, ukipita pembeni na maji ya baridi ya mlima. Mdogo wangu alipewa jina la babu huyo, Aloisi, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Babu alikuwa amekufa zamani. Bibi alipompokea mtoto mikononi akamwita Meku, yaani mzee, na jina likaganda. Akitaka kututania alimwita mume wangu, lakini ule haukuwa utani mtupu. Meku ndiye aliyekalia kigoda cha babu. Kipande cha nyama cha mwenye nyumba kilipelekwa kwake kabla hajaota meno ya kukitafuna. Mimi niliyemtangulia duniani nilipewa mifupa ya shingo na sifa ya kujua kuosha vyombo.

Mzee huyo mdogo alikuwa na ngozi mbaya. Sina neno la adabu zaidi. Ilianza mashavuni, ikashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ikawa nyekundu, ikapasuka, ikatoa maji. Alijikuna mpaka damu ikaingia kwenye kucha. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, na asubuhi shuka lilikuwa na madoa madogo madogo ya kahawia upande wake. Mama alimvisha soksi mikononi, naye akazivua kwa meno. Ngozi ile ilikuwa na harufu yake, kama ya maziwa yaliyoanza kuganda, na nikiri kwamba nilimpenda mdogo wangu nikiwa nimegeuza uso upande wa ukuta.

Watu walisema mengi, na wengi walimsema Mama. Mama hakuwa Mchagga. Wazazi wake walitoka Singida wakaja kukata miwa kule tambarare, kusini mwa Moshi, na Baba alimpata huko alipokwenda kutafuta kibarua kabla hajaanza kubeba mizigo ya watalii mlimani. Kwa Bibi alikuwa chasaka, mtu wa kuja, na ingawa Bibi hakulitamka neno hilo mbele yake, lilikuwemo katika namna alivyomkabidhi ufunguo wa stoo na kuuchukua tena jioni. Kikijitokeza kitu kibaya mwilini mwa mtoto, swali la kwanza lilikuwa kimetoka ukoo upi.

Mama ndiye aliyempeleka Meku kliniki ya ngozi mjini, nami nikaenda nao kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Daktari alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuchekesha watoto. Alisema ni pumu ya ngozi, haiambukizi, si kosa la mtu, na ni ya kuishi nayo kama mtu anavyoishi na mwenye nyumba mkorofi. Alitoa kopo kubwa la mafuta mazito ya kupaka kila baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na maji, na tyubu ndogo ya dawa ya kupaka pale panapowaka. Kisha akauliza mtoto anakula nini. Mama akataja mtori, kiburu, nyama, maziwa.

"Na mboga? Na matunda?"

Mama akamvuta Meku karibu.

Daktari akaeleza kwamba majani ya kijani, karoti, maparachichi, magogwe, vyote vyenye rangi kali, vina vitu vinavyousaidia mwili kutuliza ule moto wa ngozi. Siku hizi naviona vimeandikwa kwenye vikopo vya dukani, viondoasumu, na bei yake inatisha. Yeye hakutaka tununue kitu. Alisema vyote tunavyo nyuma ya jiko. Majani yasichemshwe mpaka yakafa, wala yasitiwe magadi. Halafu akamshika Mama mkono, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu alicheka akiyasema: "Lakini usije ukanielewa vibaya, mama. Mafuta na dawa ndiyo fundi. Chakula ni saidia fundi. Saidia fundi hajengi nyumba peke yake."

Nyumbani palikuwa na vita ya siku kadhaa, vita ya kimyakimya kama zilivyo za jikoni. Mama alichuma mnafu chini ya migomba, akaupika haraka, bila magadi, ukabaki kijani na mgumu kidogo. Bibi alikiangalia chungu kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni. Mnafu usio na magadi hakuwahi kuuona tangu azaliwe. Ila lililomuuma zaidi lilikuwa sahani ya nani.

"Mama Aloisi," akasema, "hayo majani ni ya nani?"

"Ya Meku, Mama. Daktari amesema."

"Unamlisha mzee wa nyumba hii majani? Mwenye jina amelala pale nje, anasikia. Atasema tumefilisika."

Mama aliketi chini, akamweka Meku mapajani, akamlisha kijiko kwa kijiko, na Bibi akatoka nje akaanza kuwakemea kuku.

Nafuu ilikuja. Ilikuja polepole, kwanza mashavu, halafu viwiko. Mama alipaka mafuta asubuhi na jioni mbele yetu sote, na dawa ya tyubu pale palipowaka, na Meku alikula mnafu, karoti na parachichi, na magogwe yaliyokamuliwa kwenye kikombe. Shuka likaanza kuamka safi. Siku moja Bibi alimvua shati kibarazani, akampitishia kiganja mgongoni, taratibu, juu mpaka chini. Kisha akaingia kwenye migomba akarudi na kapu zima la mnafu aliouchuma mwenyewe.

Tangu siku hiyo Bibi alikuwa mtu mwingine, na hapa ndipo palipoanza kuharibika, ingawa ulikuwa wakati mzuri kuliko wote niliouona katika nyumba ile. Bibi akiamini jambo haamini nusu. Aliacha magadi. Aliuwekea mgogwe samadi ya ng'ombe na kuuzungushia miti, mbuzi wasiufikie. Asubuhi alikamua magogwe mwenyewe kwa mikono yake mikubwa, akachuja kwa kitambaa, akampelekea mume wake kitandani. Jumuiya ilipokutana kwetu kusali, alimsimamisha Meku katikati bila shati, akawaeleza kina mama wote: ni majani, ni magogwe, ni Mungu aliyeviweka vyote nyuma ya jiko nasi tukaenda kuhangaika mbali. Wanawake wakamgusa mgongo kwa zamu. Mmoja akalia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, akatabasamu, na hakusema habari ya kopo.

Habari ya kopo na tyubu ilikuja baadaye. Sehemu zilizokuwa zimewaka zilipopona ziliacha mabaka meupe, na jirani mmoja aliyekuwa na binti anayejichubua akaiona ile tyubu dirishani. Akasema anaijua. Ni ile ile binti yake anayoichanganya kwenye mkorogo. Bibi akaichukua, akaigeuza, akaitazama kama anasoma, na hakujua kusoma.

"Kumbe unamchubua Meku," akamwambia Mama. Hakupandisha sauti. "Chakula kimeshamponya, wewe unamwondolea rangi ya baba yake. Sitaki kuiona tena hiyo kitu humu ndani. Wala hayo mafuta yanayokwenda nayo."

Mama akasema, "Sawa, Mama."

Nilikuwepo, nikichambua maharage. Nilifikiri mambo yameisha vizuri, kwa sababu hakuna aliyegombana.

Baada ya hapo Mama alianza kumwogesha Meku mfongoni. Zamani tulioga nyumbani, kwenye beseni, maji yakipashwa moto, mimi kwanza halafu yeye katika maji yangu. Sasa kila jioni alimchukua na ndoo ya maji ya moto akashuka naye mpaka kwenye jiwe la mfongo, nyuma ya migomba, mahali pasipoonekana kutoka nyumbani. Nikiomba kwenda naambiwa nibaki na Bibi. Nilikuwa nawasikia wakicheka huko. Walikawia. Meku alirudi amefungwa kanga mpaka shingoni, macho yanang'aa, akinukia kitu nilichodhani ni furaha ya kuwa na mama peke yako. Niliumia sana. Nilijiambia kwamba Mama sasa anampenda yeye tu kwa sababu ana jina la mzee, na kwamba mimi nikitaka kupelekwa mfongoni sharti niugue. Kwa jioni kadhaa nilijikuna mikono kwa makusudi, hakuna aliyeona.

Msimu wa baridi ukaja, ule wa ukungu, nguo zisipokauka na watalii wakiwa wengi. Baba alikuwa mlimani karibu muda wote, akishuka kulala na kupanda tena na kundi lingine. Mama alikuwa mjamzito. Asubuhi moja alianza kutoka damu akiwa anakamua ng'ombe, na majirani wakamweka kwenye gari la mtu akapelekwa hospitali Moshi. Ilikuwa haraka. Namkumbuka amelazwa kiti cha nyuma, uso una rangi ya majivu, akinyoosha mkono kuelekea kwa Meku na kujaribu kusema kitu, na mlango ukafungwa. Huko wakasema alale, asiinuke, mpaka mtoto afike wakati wake.

Bibi akatushika vizuri. Sitaki mtu asome hapa akafikiri Bibi alikuwa mzembe. Alimlisha Meku kama anavyolishwa bwana harusi. Mnafu mchana, karoti, parachichi, kikombe cha magogwe asubuhi na jioni. Alituogesha sote kwenye beseni kama zamani, akatufuta mpaka tukakauka, akatuvisha masweta ya sufu.

Ngozi ya Meku ikaanza kukakamaa. Kwanza ikawa na vumbi jeupe, halafu ikapasuka kwenye mikunjo. Bibi akaongeza mnafu. Ikawa nyekundu. Akaongeza magogwe. Midomo ya Meku ilikuwa imepasuka pembeni, na ule uchachu ulipoingia kwenye nyufa alilia, akageuza kichwa, na Bibi akamshika kidevu kwa upole na kumwambia kwa Kichagga anywe, mume wangu, kunywa, hii ndiyo iliyokuponya. Machozi na magogwe vilimtiririka shingoni. Kila aliyepita alisema jambo lile lile, mtoto anamlilia mama yake. Hata mimi nilisema. Tulikuwa na maelezo na yalitutosha.

Mama alipiga simu kila alipopata mtu wa kumwazima. Bibi alipokea akiwa amesimama kibarazani, mahali penye mtandao.

"Meku hajambo?"

"Hajambo. Anakula."

"Na ngozi?"

Bibi alimtazama Meku aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, mikono imevimba.

"Safi tu. Wewe lala. Usiniulize habari za huku."

Mwanamke aliyelazwa mimba isitoke haambiwi habari mbaya. Hilo halikuhitaji kufundishwa. Lilijulikana kama inavyojulikana kwamba ukimkuta mkubwa unaanza na shikamoo.

Kisha maji yaliyokuwa yanatoka kwenye ngozi yakageuka manjano na kuganda kama gamba. Meku akaacha kujikuna. Nilidhani amepona, na nilikimbia kumwambia Bibi kwamba hajikuni tena. Bibi akaja, akamgusa paji la uso, akaondoa mkono kana kwamba ameunguzwa. Meku alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi, meno yanagongana, na alipoitwa hakuitika. Bibi alimfunga mgongoni kama mtoto mchanga, ingawa miguu ya Meku ilining'inia karibu na magoti ya Bibi, akatoka mbio kwenda kwa jirani mwenye gari, nami nikamfuata kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniacha naye.

Alilazwa hospitali ile ile aliyolazwa Mama, jengo lingine. Wakamwekea maji, wakamwekea dawa, na daktari kijana akamuuliza Bibi mtoto alikuwa anapaka nini.

"Hapaki kitu," Bibi akasema. "Alishapona. Anakula vizuri."

Daktari akamtazama kidogo, akaandika. Alisema wadudu wameingia kwenye damu kupitia ngozi iliyopasuka.

Mchana ule, saa ya kuona wagonjwa, Bibi alinawa uso bombani, akafunga kanga upya, akanunua chupa ya uji, akanishika mkono tukaenda kwa Mama. Njiani aliniambia jambo moja, nimpe Mama shikamoo halafu nisiseme tena. Mama alikuwa amelala upande, tumbo limetangulia. Akafurahi kutuona mpaka akataka kuinuka.

"Meku mmemwacha na nani?"

"Yuko kwa jirani," Bibi akasema, akimimina uji. "Amekula magogwe asubuhi, amemaliza kikombe."

Mama akanitazama mimi. "Anajikuna?"

Bibi akajibu kabla yangu. "Hajikuni kabisa."

Na huo ulikuwa ukweli. Mama akafumba macho, akapumua, akaunywa uji wote. Dirishani kwake lilionekana jengo alimokuwamo Meku, bati jekundu na kunguru mmoja. Nilihesabu madirisha nikijaribu kujua la kwake ni lipi, nikifikiri kwamba Mama naye anajua, kwamba wakubwa wote wanajua na ni mchezo wao wa heshima, na kwamba kesho wataacha.

Meku alikufa kabla hakujapambazuka. Baba aliitwa kutoka mlimani kwa simu ya upepo ya waongozaji, akashuka akiwa na viatu vya mzigoni, matope ya msituni hayajakauka. Wazee wakakaa, wakaamua Mama asiambiwe mpaka ajifungue. Meku akazikwa kihambani karibu na mwenye jina, chini ya mgomba, Mama akiwa kitandani Moshi anaamini amemaliza kikombe. Mhubiri mmoja alisema kaburini kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wakatikisa vichwa. Nilikua nikiichukia methali hiyo bila kujua kwa nini, na sasa najua. Sisi hatukuficha maradhi. Jumuiya nzima iliyaona.

Kesho yake nilimkuta Bibi nyuma ya jiko na panga. Alikuwa anaukata mgogwe. Aliukata vibaya, kwa hasira ya mtu asiyezoea, magogwe mabichi yakidondoka na kubingirika hadi miguuni mwangu. Nilidhani anasafisha mahali pa kuweka viti, maana waombolezaji walikuwa bado wanakuja. Nikaanza kuyaokota niyaweke kwenye kapu. Bibi akaniambia niyaache.

Mama alirudi na mtoto wa kike, mzima, mwenye ngozi laini kama ya ndizi iliyomenywa. Alishuka garini, akapita watu wote waliokuja kumpokea, akaenda moja kwa moja kaburini, kisha mfongoni. Alikaa huko mpaka maziwa yakamlowesha nguo na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi alipita nyuma ya jiko akakiona kisiki cha mgogwe. Bibi alikuwa amekaa karibu nacho, mgongo umepinda. Wanawake wale wawili walitazamana. Nilingoja waseme kitu. Mama akampa Bibi mtoto ambebe, akaingia ndani kuwasha moto.

Wakaishi hivyo, miaka yote iliyofuata. Bibi hakuonja tena gogwe, wala hakumshauri mtu mnafu, wala hakusimama tena kwenye jumuiya kusema neno. Kwa Mama alikuwa mwema kupita kiasi, wema unaoumiza kuutazama. Ufunguo wa stoo ukawa wa Mama usiku na mchana. Nilidhani huzuni imemlainisha.

Mwezi uliopita, siku ya kuanua matanga ya Bibi, mimi na Mama tulikuwa mfongoni tukisugua masufuria ya msiba kwa majivu. Nikamwambia kwa mzaha kwamba hapa ndipo alipokuwa akimleta Meku na kuniacha mimi nikiona wivu. Mama akaacha kusugua. Akainama, akaingiza mkono chini ya lile jiwe la kuogea, upande usiofikiwa na maji, akatoa kopo. Lilikuwa limefubaa, maandishi yametoka, na ndani lilikuwa na udongo na sisimizi. Alikuwa hajaliondoa miaka yote ile.

"Nilikuwa nampaka hapa," akasema. "Kila jioni. Na dawa, ile tyubu. Niliinunua siku za soko, nikaificha kwenye ndizi."

Sikuelewa haraka. Nilipoelewa, niliketi kwenye maji.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nini? Ameshasema mbele ya jumuiya nzima kwamba ni chakula chake. Alikuwa ameanza kuniita mwanangu. Nikaona, kwani inanigharimu nini? Yeye achukue sifa, mimi nichukue mtoto mzima."

"Na hospitali? Kwenye simu?"

Aligeuza kopo mikononi.

"Siku za kwanza nilitaka kusema. Nilimtafuta baba yako, hapatikani, yuko juu. Halafu mama yake akawa ananiambia ngozi ni safi. Siku hii safi, siku ile safi, na sijampaka. Nikaanza kufikiri labda kweli ni magogwe. Nililala pale nikimshukuru Mungu kwa ajili ya magogwe."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Bibi baadaye, alipomwona anaukata ule mti. Bibi aliamini kwamba alimuua mjukuu wake kwa kikombe, kwa yale magogwe aliyomnywesha akilia. Alikufa akiamini hivyo.

"Nilijua anavyoamini," Mama akasema. "Nikisema siyo magogwe yaliyomuua, itabidi niseme siyo magogwe yaliyomponya. Niseme nilimdanganya, na uongo wangu ndio uliomfanya asimpake mafuta. Nilitafuta namna ya kusema nusu. Haipo."

Akalirudisha kopo chini ya jiwe. Tukamaliza masufuria.

Binti yangu ameichukua ngozi ya mjomba wake. Si mbaya kama ile, ila ipo, viwikoni na nyuma ya magoti, na nina kopo na nina tyubu, na nampa mboga na parachichi na karoti kwa sababu saidia fundi naye ana kazi yake. Lakini nina tabia ambayo sikuwa nimeitambua. Wakija wageni, humpeleka chumbani, hufunga mlango, humpaka huko, humfunga kanga, ndipo humrudisha sebuleni. Nilijiambia ni adabu.

Jumapili, siku moja baada ya yale magogwe, kina mama wa jumuiya ya hapa Soweto walikuja kunipa pole ya Bibi. Binti yangu alikuwa ametoka kuoga, nywele zinadondosha maji, akaanza kujikuna mbele yao. Nikaomba radhi, nikainuka, nikamshika mkono kwenda chumbani.

"Mlete hapa," Mama akasema.

"Mama, kuna wageni."

"Nawaona. Lete na mafuta."

Nikavileta. Mama akamketisha mtoto katikati ya sebule, juu ya mkeka, akamvua kitenge mbele ya watu wote, akachota mafuta kwa vidole viwili na kuanza mgongoni, taratibu, juu mpaka chini. Alipofika viwikoni akafungua tyubu. Mwanamke mmoja, mtu mwema tu asiye na nia mbaya, akainama kuitazama.

"Samahani, Bibi," akasema, "hiyo si ndiyo ile ya kujichubua?"

"Ndiyo hiyo hiyo," Mama akasema, akaendelea kupaka.